Kufufua Land Rover ya zamani Mtwara: pesa inaishia wapi

Msimu wa korosho ukiisha na watu wakishalipwa, gereji za Mtwara na Lindi huanza kuulizwa swali lile lile: kuna Land Rover ya mzee imelala chini ya mwembe, kuifufua ni shilingi ngapi? Anayeuliza mara nyingi ameshaona mtandaoni bei za Ulaya na Marekani, na kichwani ameshaligeuza gari kuwa nyumba ya vyumba vitatu. Akitajiwa gharama ya kazi, anahisi fundi kamkomoa. Fundi hajamkomoa, ila hakuna aliyeweka hesabu mezani.

Tuanze na hizo bei za nje. Mwaka 2016 Land Rover wenyewe walitangaza kufufua magari 25 ya Series I, toleo lao la kwanza, na kuyauza kwa pauni 60,000 hadi 80,000 kila moja. Gari hilo lilipotoka mwaka 1948 lilikuwa chombo cha shamba. Marekani nako, gari likishatimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya, kwa hiyo wanunuzi wa huko wanayavuta kutoka kila pembe ya dunia. Wakiyavuta magari, wanavuta na spea.

Lakini kitu kinachotengeneza bei ni muda. Kulivua gari hadi likabaki chesisi tupu, kukata chuma kilichooza na kushona kipya, kunyoosha bodi, kupiga rangi na kulirudisha lilivyokuwa hula saa 800, na 1,000 si ajabu. Gereji ya Uingereza inayotoza pauni 60 kwa saa ikipiga saa 800 imeshafika pauni 48,000, na hapo hujanunua hata bolti. Lete hesabu hiyo hiyo Mtwara: tuseme fundi wa bodi analipwa 60,000 kwa siku ya saa nane. Saa 800 ni siku 100, yaani shilingi milioni 6.

Spea hazina huruma ya namna hiyo. Zinauzwa kwa pauni ile ile uwe Birmingham au Mikindani, kisha zinaongezewa safari na kodi. Chukua spea za shilingi 1,000,000, usafiri na bima hadi Dar es Salaam 300,000. Ushuru wa forodha unapigwa kwenye jumla ya 1,300,000, maana yake hata nauli ya mzigo inatozwa ushuru. Zikiangukia kundi la asilimia 10 ni 130,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 1,430,000, ambayo ni 257,400. Umefika 1,687,400, bado ada ndogondogo, bado wakala, bado basi au lori la kilomita 560 kuja Mtwara. Zikiangukia kundi la asilimia 25, piga mwenyewe. Na shilingi nayo: mwaka 2010 dola moja ilikuwa 1,400 hivi, mwaka 2024 ikavuka 2,600. Spea ambayo bei yake haijabadilika hata senti kwa dola, kwako imekaribia kuwa mara mbili.

Kwa hiyo kule Ulaya muda ni ghali na spea ni nafuu, huku ni kinyume. Wanaofuata video za Waingereza hatua kwa hatua wanapotelea hapo. Mwingereza akiona chesisi imeoza anaitupa, anaagiza mpya iliyochovywa zinki, anahamishia vitu vyake. Kwake ni akili, kwa sababu siku thelathini za mchomeleaji zingemgharimu zaidi. Kwako chuma cha mita nne na zaidi kukisafirisha kwa meli, kukitoa bandarini na kukipandisha lori ni pesa ambayo ingemlipa fundi mzuri miezi kadhaa. Huku kinachotengenezeka kitengenezwe, na fedha za kuagiza zibaki kwa vitu visivyotengenezeka.

Chesisi kwanza, rangi baadaye sana

Watu wengi wanadhani Land Rover haipati kutu kwa sababu bodi ni alumini. Bodi ni alumini, kweli, lakini chesisi ni chuma, na ukuta ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Chesisi ni boksi la bati la milimita 2 lililochomelewa kwenye pembe. Lina matundu, maji yanaingia, mchanga unaingia, na vikishaingia vinakaa. Upepo wa kusi unaleta ukungu wa chumvi hadi ndani ya mji. Gari lililobeba samaki au chumvi ya mashambani Lindi limeoza kutoka ndani. Lililobeba salfa ya mikorosho nalo ni hivyo hivyo: unga wa salfa ukilowa juu ya chuma unakila, na kwenye nyaya unaifanya shaba kuwa nyeusi hadi taa zinakataa bila sababu ya kuonekana.

Ndiyo maana gari lililoishi Masasi au Nachingwea maisha yake yote, hata kama limechakaa kwa macho, ni bora kuliko lililolala Mikindani likiwa na rangi nzuri. Ukiwa bado hujanunua, hilo peke yake linaweza kukuokolea theluthi ya gharama.

Kabla hujataja bei wala kukubali bei, osha chesisi kwa maji baridi mengi, ikauke, kisha igonge yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichokonda kinaitika butu. Tia alama kwa chaki. Anzia boriti ya nyuma, ile inayoshika ndoano ya kuvutia, ambayo karibu kila mara imekwisha. Fuata mikono ya pembeni inayobeba bodi, mashikio ya springi za nyuma, sehemu inayopinda juu ya ekseli ya nyuma, na pembe za mbele zinazoshika springi. Usisahau sehemu ya juu ya chesisi chini ya tangi la mafuta, kwa sababu mkono haufiki na fundi mvivu hafiki.

Kazi yenyewe inaharibiwa kwa njia moja maarufu: kubandika bati juu ya kilichooza. Kiraka kinaonekana kizuri, kati ya bati mbili maji yanakaa, na ndani ya masika mbili au tatu kutu inatokea pembeni ya kiraka ikiwa kubwa kuliko mwanzo. Kilichooza kinakatwa hadi ufikie chuma cheupe chenye unene kamili, kisha unaenda mbele milimita 30 zaidi, ndipo unapima kipande kipya cha milimita 2 au 2.5 kikae sawia. Tangi la mafuta litoke, waya za betri na oltaneta zitolewe. Kabla ya kukata chochote pima kona kwa kona pande zote mbili kutoka bolti za springi. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, simama, chesisi imepinda au imekaa vibaya kwenye stendi. Ukiishona hivyo, gari litakula tairi maisha yake yote, na utalaumu alaimenti.

Ule ukuta wa mbele unataka mkono mwingine. Bati lake ni jembamba, karibu milimita 1, na mashine ya kawaida ya umeme yenye vijiti vya milimita 2.5 inalitoboa kama karatasi. Hapa tafuta mwenye mashine ya MIG na waya wa milimita 0.8, apige nukta moja hapa, nyingine mbali kule, aache ipoe, arudi kati. Akivuta mshono mrefu kwa mkupuo, bati linajikunja. Na kabla ya kukata sakafu za miguu au nguzo za milango, achomelee chuma cha pembe kwa muda kutoka nguzo hadi nguzo. Asipofanya hivyo milango haitafunga tena, na hapo ndipo saa 40 zinageuka 100. Sehemu hii moja ndiyo inayopasua bajeti nyingi kuliko injini.

Kuondoa kutu kwa mchanga wa presha ni kazi nzuri, mradi mchanga usiwe wa pwani. Mchanga wa Msimbati ni mzuri kuukanyaga, ila una chumvi, na ukiurusha kwenye chuma unaipandikiza chumvi hiyo ndani ya vinyweleo vyake kisha unaifunika kwa praima. Rangi inavimba malengelenge kabla ya mwaka. Vumbi la mchanga wa kawaida pia linaua mapafu ya anayepiga, pole pole na bila tiba. Kama hakuna mawe maalumu ya kazi hiyo, tumia brashi ya waya kwenye grainda, kisha dawa ya asidi ya fosforiki, suuza, kausha kwa hewa ya kompresa, na praima ya epoksi iingie siku hiyo hiyo. Chuma tupu kikilala usiku mmoja kwenye unyevu wa Mtwara asubuhi kimeshakuwa na rangi ya machungwa.

Ndani ya boksi, watu wanamwaga oili chafu. Inasaidia kidogo, inadondoka uani, na inaharibu bushi za mpira. Afadhali nta: gramu 350 za nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa Liwale wanayo, ikwanguliwe na kuyeyushwa katika lita 2.5 za tapentaini, kisha lita 1 ya oili nyepesi safi. Chombo kiwekwe ndani ya maji ya moto yaliyoshaepuliwa, mbali kabisa na jiko, maana mvuke wa tapentaini unashika moto. Pulizia kwa bunduki ya rangi yenye mpira mrefu kupitia matundu ya chesisi hadi itoke upande wa pili. Rudia kila kiangazi.

Alumini, bolti na rangi

Penye bolti ya chuma iliyogusa alumini, pakilowa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayokubali kufa. Utaona unga mweupe kuzunguka kila bolti na chini ya kila mkanda wa chuma. Unga huo ni bodi yako inayeyuka. Usugue hadi ufike kwenye alumini safi, rudishia bolti zilizopakwa zinki, weka washa za plastiki na mastiki ya kuzuia vyuma visigusane, na ribiti ziwe za alumini. Ribiti za chuma ni rahisi kupatikana dukani, lakini zinaurudisha ugonjwa ule ule.

Kupima puti kwenye bodi hii ni kazi ya sikio. Sumaku inayomuumbua muuzaji wa Peugeot 504 au Volkswagen haina kazi hapa, kwa sababu alumini haivutwi na sumaku iwe na puti au isiwe nayo. Gonga kwa kidole: alumini tupu inalia, yenye puti nene iko kimya. Puti ikizidi milimita 3 huyo hakunyoosha, alijaza, na barabara za changarawe za kupanda Newala zitaibandua.

Bolti zinakula pesa kimya kimya. Series II na III nyingi zimefungwa kwa vipimo vya inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na mtu akiishika mkononi anaapa ni ya 8. Anaichukua M8 dukani, inaingia mizunguko miwili, inakaza, analazimisha kwa spana. Hatua ya uzi wa UNF, yaani uzi mwembamba wa inchi, ni kama milimita 1.06, ya M8 ni 1.25. Uzi wa ndani umekwisha. Vivyo hivyo spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7: kona zinazungushwa, nati inabaki, na inayofuata ni patasi. Seti ya spana za inchi inajilipa kwenye gari moja. Kila bolti inayotoka iingie mfukoni na jina lake, kwa sababu fundi anayetafuta bolti nusu siku unamlipa nusu siku.

Rangi ina majira yake. Kusini mvua ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kupiga rangi wakati huo ni kujitafutia kazi ya kurudia. Rangi ya selulosi kwenye hewa yenye unyevu inatoa ukungu mweupe juu. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yake, ukishughulikia vumbi kwa turubai na sakafu iliyolowanishwa. Alumini haishiki rangi ikiwa tupu. Inataka praima ya asidi, mikono miwili myembamba, kisha praima ya kawaida, msasa wa 320, wa 400, ndipo rangi. Anayeruka ile praima ya asidi ili kupunguza bei anakuuzia rangi inayobanduka kwa vipande vikubwa kama ganda la yai. Kwa Land Rover ndefu, ile ya 109, ya bodi nzima, lita 4 hadi 5 za rangi kabla ya kuchanganya zinatosha nje. Nyingi zaidi ya hapo ni makosa yanayofunikwa. Rangi za vikopo viwili, zile zenye dawa ya kukazia, ni imara zaidi kwa hewa ya bahari, lakini dawa yake inaleta pumu, na kinyago cha kitambaa hakizuii chochote. Kama gereji haina kinyago cha kuletewa hewa safi kwa bomba, bora selulosi.

Mahali pa kutobana matumizi ni breki na mipira yote. Masta silinda na silinda za magurudumu zikishakuwa na vishimo vya kutu ndani, mpira mpya hauzisaidii, utavuja baada ya wiki chache. Badilisha nzima. Mabomba mapya yawe ya shaba yenye nikeli, inchi 3/16. Ya chuma kwa hewa yetu hayadumu. Mafuta ya breki ni DOT 4, yanayovuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kopo lililofunguliwa mwaka jana si la kutumia, na yaliyo ndani ya gari yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Asitokee mtu akaongeza oili ya injini kwa dharura: mipira yote inavimba na gari linashika breki lenyewe njiani.

Injini nitaipitia haraka, kwa sababu ndiyo sehemu mafundi wetu wanaiweza zaidi. Ile ya petroli ya cc 2,286 inachongwa silinda kwa inchi 0.020 au 0.040, krenki kwa 0.010 hadi 0.040. Kabla ya kuagiza pistoni subiri mashine itoe kipimo, usiagize kwa kukisia. Nafasi ya vali zote iwe inchi 0.010. Plagi zinawaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Oili lita 6, na chujio karibu lita 1 juu yake. Injini ikiwa ya moto, gari likienda maili 30 kwa saa, shinikizo la oili liwe kati ya psi 35 na 65. Chini ya hapo usiongeze oili nzito ukafurahi, krenki inakuambia kitu. Wengi wanapandikiza injini ya dizeli ya Toyota au Isuzu, na kwa gari la kazi sina ugomvi. Kwa anayetaka kuliuza kama gari la zamani, hapo ameshusha thamani yake mwenyewe, na bado ana kazi ya kubadilisha namba ya injini kwenye kadi TRA.

Land Cruiser ya mtindo wa 40, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, ni ghali zaidi kufufua ukanda huu kwa sababu bodi yake yote ni chuma. Injini na gia hazimsumbui mtu, ila kuanzia madigadi hadi sakafu utakuwa unakata. Nafuu yake ni kwamba mwaka 2021 Toyota walitangaza kurudia kutengeneza baadhi ya spea zake. Zinauzwa kwa bei za Toyota wenyewe, si za kutupa, hilo lijulikane.

Namna ya kukubaliana bei

Bei inayotajwa gari likiwa na viti, mazulia na sakafu zake ni ya kubahatisha, na atakayeumia ni mmoja kati yenu. Lipa kwanza kazi ya kulivua na kuligonga, siku nne au tano, peke yake. Baada ya hapo fundi ataje bei kwa sehemu: chesisi, ukuta wa mbele, bodi, rangi, breki, injini, umeme. Malipo yafuate sehemu iliyokwisha na kuonwa kabla haijafunikwa. Chesisi ionwe kabla ya rangi nyeusi, bodi kabla ya praima. Juu ya jumla weka theluthi nyingine pembeni, usimwambie mtu. Ukikosa hiyo theluthi, usilivue gari. Magari yaliyokufa kabisa Mtwara hayakuuawa na kutu. Yalivuliwa, pesa ikaisha, na vipande vikagawanywa gereji moja hadi nyingine.

Anayetaja nusu ya bei ya wenzake muulize atapiga praima gani kwenye alumini na atakata chesisi au atabandika. Majibu mawili hayo yanatosha.

Na kabla grainda haijawashwa, tafuta namba ya chesisi. Kwenye Series nyingi imegongwa kwenye shikio la springi ya mbele, upande wa kulia, pale pale panapooza. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, ipige picha, ilinganishe na kadi. Fundi asiyeambiwa ataisaga akidhani ni mikwaruzo, au atakata kipande chote na kukitupa kwenye vyuma chakavu. Kipande hicho kibaki, kishonewe pembezoni hata kama kazi itachukua siku moja zaidi, kwa sababu gari lisilo na namba haliuziki kwa mnunuzi wa nje, na huku nyumbani kulihamisha jina ni usumbufu mtupu.